Waya wa Seva ya Tatu

Kila siku baada ya shule, Kalolaine alipitia kituo cha redio cha Neiafu, mji mmoja wa visiwa vya Tonga, akakaa pembeni akila muhogo wa kuchemsha. Mama yake, Vika, ndiye aliyetunza tovuti ya kituo. Watonga walioko ng'ambo waliifungua kupata habari za nyumbani, na walikuwa wengi kuliko uwezo wa mashine moja. Kwa hiyo kulikuwa na seva tatu, na ruta, kifaa cha kuelekeza mtandao, iliwagawanya wageni, huyu huku, yule kule, ili seva yoyote isielemewe.

Baba yake, Feleti, alikuwa New Zealand akichuma tufaha. Tangu aondoke, mama na binti walikula kimyakimya. Siku moja baba aliahidi kupiga simu ya video, lakini mtandao ulikuwa ukikatikakatika. Mama alipotoka, Kalolaine alichomoa waya wa seva ya tatu, akauchomeka kwenye kompyuta yake ili apate mtandao imara. Akangoja. Baba hakupiga.

Jioni likatolewa onyo la kimbunga, likawekwa pia kwenye tovuti. Mama alirudi mbio, akakuta simu ya mezani inalia.

"Vika, ukurasa haufunguki!"

"Mbona wa dada yangu unafunguka?" akalalamika mwingine.

Simu ya tatu ilikuwa ya baba. "Mko salama? Kazi ilinizuia kupiga, na sasa nimehangaika na ukurasa wenu mpaka basi!"

"Tuko salama, Feleti. Kata, watu wanasubiri laini."

Baba akakata. Kalolaine hakupata hata kumsalimu.

"Nizime seva zote niwashe upya," mama alisema.

"Onyo je?" Kalolaine akauliza.

"Litapotea kwa muda. Sina la kufanya."

Kalolaine aliutazama ule waya. Angenyamaza, nani angejua?

"Mama, usizime! Nilichomoa waya mmoja. Nilitaka kumwona baba."

Mama aliurudisha waya kwenye seva. Baada ya muda simu zikatulia. Ukurasa ulikuwa ukifunguka kwa wote.

"Ruta haikujua kwamba seva ile haipo," mama alisema. "Iliendelea kuwapeleka watu kwenye mlango uliofungwa. Baba yako akiwa mmoja wao."

Kalolaine akaanza kulia.

"Umekosea sana. Ila umesema kweli kabla sijaharibu zaidi, na kosa linalosemwa mapema hurekebishika." Mama akamvuta karibu. "Upweke nao useme, mwanangu. Usiubebe peke yako. Mimi pia bado nampakulia baba yako chakula, halafu nakumbuka hayupo."