Makala Iliyomchafua Mama Feliksi

Wanawake wa Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, hufika ufukweni mapema. Hununua dagaa wabichi mitumbwini, huwaanika juu ya chanja za waya, kisha huwageuza hadi wakauke. Kazi hii ina desturi yake. Mvua ikija, huokoi dagaa wako peke yako. Ukishafunika chanja yako, unakimbilia ya jirani.

Jirani wa Margareta, mmoja wa wanawake hao, alikuwa Elida. Watu walimwita Mama Feliksi, ingawa hakumzaa Feliksi. Alikuwa mama yake mdogo. Dada yake alipofariki, Elida alimchukua mtoto, akamlea na kumsomesha. Leo Feliksi ni mwanamuziki mashuhuri Dar es Salaam. Margareta hakumwona utotoni, kwa sababu aliolewa hapa akitokea kijiji cha Kagunga, Feliksi akiwa ameshaondoka.

Jumapili moja televisheni ilionyesha makala ya maisha ya Feliksi. Margareta na mumewe Meshack walitulia kuitazama, pamoja na binti yao Diana na wadogo zake.

"Mama yake mdogo alimtesa," sauti nzito ilisimulia. "Usiku wa mbalamwezi alimtuma ziwani kupokea dagaa."

Mtoto mwembamba alionekana akitetemeka, ndoo kichwani. Mwanamke mmoja akamchapa fimbo. Kisha akatokea Elida mwenyewe, amekaa kwenye kigoda chake.

"Nilimfukuza," alisema Elida. Hapo muziki wa huzuni ukapigwa.

Margareta alilia machozi ya kweli. "Kumbe miaka yote nakaa na mtu wa namna hii," alisema.

"Lisemwalo lipo," alijibu Meshack. "Tena kasema kwa kinywa chake."

Kesho yake Margareta hakumsalimu Elida. Wengine nao walimgeuzia kisogo. Jina la Mama Feliksi likafa, akawa Elida tu. Hata waliomwona Feliksi akikua pale walianza kujitilia shaka. Wateja walipita chanja yake kama haipo.

Siku chache baadaye mvua ilishuka ghafla, Elida akiwa mitumbwini. Margareta alifunika dagaa wake. Akaitazama chanja ya jirani. Halafu, Mungu amsamehe, akaingia kibandani na kukaa.

Elida alirudi mbio, akakuta dagaa wote wamelowa. Hakugomba. Aliinama akaanza kuwazoa, Margareta akimwona kutoka kibandani.

Jioni ile Margareta aliacha chakula chake. Alikwenda kwa Esther, jirani anayeandaa vipindi vya redio, akamsimulia yote. Esther alisikiliza mpaka mwisho.

"Yule mtoto mwenye ndoo ni nani?" aliuliza.

"Si Feliksi huyo?"

"Mama Diana, Feliksi sasa ni mtu mzima. Alipokuwa mdogo, nani alimfuata na kamera ziwani usiku?"

"Hakuna," alijibu Margareta.

"Yule ni mwigizaji," Esther alisema. "Kuigiza si kosa, kama jambo lilitokea kweli na watazamaji wakaambiwa kuwa wanaona maigizo. Hawa waliwaambia?"

"Hapana. Lakini Elida alisema mwenyewe kwamba alimfukuza."

"Alimfukuza wapi? Kwa nini? Mimi kazi yangu ni kukata sauti. Mtu akiongea saa nzima, naweza kubakiza neno moja, na wewe ukamchukia kwa hilo moja."

"Sasa wadanganye ili wapate nini?"

"Watazamaji. Mtu maarufu aliyelelewa vizuri hawamtazami sana. Aliyeteswa wanamtazama, wanalia, wanawaita na majirani. Watazamaji wakiwa wengi, matangazo ya biashara nayo yanakuja."

Margareta alifikiri maneno ya ile makala. Kisha akashika kichwa. "Walisema ni usiku wa mbalamwezi," alisema polepole. "Mbalamwezi wavuvi wetu wanapumzika. Dagaa hufuata taa kwenye giza. Jambo hili nalijua tangu utoto, Esther, na bado nililia."

"Machozi yalikutangulia. Je, umemuuliza mwenyewe?"

"Sijamuuliza."

"Hao wa televisheni hawamjui. Wewe unamjua."

Asubuhi Margareta alisimama mbele ya chanja ya Elida, wanawake wote wakisikia.

"Mwakeye, Mama Feliksi," alimsalimu kwa Kiha. "Nimekuja kuuliza jambo ambalo nilipaswa kuuliza mwanzo. Ulimfukuza Feliksi?"

"Nilimfukuza mitumbwini," alijibu Elida. "Alikuwa anatoroka shule ili avute nyavu na wakubwa. Niliwaeleza wale vijana wa kamera hivyohivyo. Walicheka, wakasema nimeongea vizuri."

"Nisamehe. Mvua niliiona, na dagaa wako niliwaona."

Elida aliacha kuanika. "Wale hawajui hata mtaa wangu," alisema. "Sikuwalilia. Nilikulilia wewe."

Wanawake wengine waliinamisha vichwa. Mmoja baada ya mwingine walikuja kuomba radhi, na siku hiyo waligeuza dagaa wa Elida kabla ya dagaa wao.

Esther alimsaidia Elida kupeleka malalamiko kwenye kituo cha televisheni. Kituo kiliomba radhi hewani na kuiondoa makala ile. Nyumbani kwa Margareta televisheni bado inawashwa, ila siku hizi watoto wana maswali. Nani anasema? Alikuwepo? Anayesemwa ameachwa amalize maneno yake? Meshack huwajibu anapoweza, na asipoweza hakimbilii tena methali.

Feliksi naye alipiga simu. Alikiri kwamba aliambiwa hadithi ya mateso itauza nyimbo, naye akakaa kimya. Alilia. Aliomba aje kumpigia magoti mama yake mdogo.

"Umemjibuje?" Margareta aliuliza.

"Nimemwambia aje," alisema Elida. "Lakini aje bila kamera."

Feliksi alikuja Jumamosi, peke yake. Alipopiga magoti mchangani, hakuna mtu wa Kibirizi aliyetoa simu mfukoni.