Jina Langu Ulisome Wewe

"Sitoi, Baba Joel. Hata ukinipigia magoti."

"Nimeshapiga. Unataka nilale kifudifudi?"

Isabela hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba yao pale Chiungutwa, anatenganisha korosho na mabibo, na kila baada ya korosho tano sita anatulia kwanza avute pumzi. Mumewe Alfredi, mwinjilisti wa kanisa la Anglikana hapo kijijini, alikuwa mbele yake na suruali yake ya Jumapili, magoti yote vumbi.

Asubuhi hiyo walikuwa wametoka hospitali. Daktari hakuzunguka mbuyu. Moyo wa Isabela ulikuwa umepanuka tangu uzazi wa pili, uzazi uliomlaza wodini miezi miwili. Mimba hii ya wiki tisa ikiachwa ikue, moyo hautaibeba. Sheria inaruhusu kuitoa ili kuokoa maisha ya mama. Waende wakajadiliane, lakini wasikae sana.

"Daktari kasema utakufa, Isabela."

"Kasema naweza kufa."

"Kasema moyo hautaibeba! Nilikuwepo, nimesikia."

"Na miaka minne iliyopita ulikuwepo pia. Umesahau?"

Alfredi alijua anakopelekwa.

Miaka minne iliyopita binti mmoja wa kwaya, Yuster, umri miaka kumi na tisa, alitoa mimba. Isabela, mwenyekiti wa umoja wa akina mama, ndiye aliyepeleka habari kwa padre. Alfredi ndiye aliyesoma jina la binti kwenye matangazo, mbele ya kanisa zima: ametengwa, hatapokea Komunyo. Wiki hiyo hiyo baba yake alimtupia begi nje. Sasa binti alikuwa anauza vitumbua Nanganga, kando ya barabara, na kanisani hakuonekana tena.

"Yule alikuwa mzima wa afya," Alfredi alisema. "Wewe ni kufa na kupona."

"Nilimwambia uhai ni wa Mungu, hakuna mwenye mizani ya kuupima. Nilisema nimesimama, nimevaa kitenge cha umoja. Leo zamu yangu imefika ndiyo nianze kupima?"

"Basi tufanye kimya kimya. Tutasema imeharibika yenyewe. Mimba zinaharibika kila siku, nani atauliza?"

Isabela aliweka korosho chini, akamtazama mumewe.

"Yuster angesema imeharibika yenyewe, ungemwamini?"

Alfredi alijipangusa vumbi magotini.

Tuseme ukweli, alikuwa mume mwema. Isabela alipougua ile mara ya kwanza, yeye ndiye aliyefua, aliyepika, aliyebeba maji kichwani mchana kweupe, wanaume wenzake wakamcheka ati kalishwa limbwata. Hakujali. Lakini alikuwa na ugonjwa wake mmoja: midomo ya watu wa kanisani. Miaka kumi alikuwa anasubiri kufanywa shemasi, na safari hii jina lake lilikuwa limefika kwa askofu.

Wiki mbili zilipita kwa mabishano. Miguu ya Isabela ilivimba, akawa halali ila amekaa, mito mitatu mgongoni. Joel, mwanawe wa miaka saba, alianza kumuuliza kila anaporudi shule, "Mama, leo unapumua?"

Swali hilo ndilo lililomvunja. Mchana mmoja alimwambia mumewe, "Nipe simu. Weka sauti kubwa, na wewe usikie."

Iliita mara nne.

"Haloo?"

"Yuster, ni mimi. Mama Joel."

Kwa adabu ile ile ya zamani, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina mimba. Daktari anasema nitoe, la sivyo nitakufa."

"Sasa mimi unanipigia ili nikwambie nini? Kwamba ni sawa?"

"Sijui kwa nini nimekupigia."

"Mimi sikuwa na moyo mbovu, mama. Aliyenipa mimba alikuwa na mke, alisema nikimtaja atanifanyia kitu kibaya. Nilikuwa naogopa mpaka nakojoa kitandani, mtu mzima mimi. Ulikuja nyumbani ukaniombea saa nzima. Hukuniuliza hata swali moja."

Isabela alifunika macho kwa mkono. "Sikukuuliza. Nisamehe."

"Sijui kama nimekusamehe. Lakini nenda hospitali. Una watoto, wanakutaka hai. Ila nakuomba kitu kimoja tu. Usije ukasema imeharibika yenyewe. Mkisema hivyo, nitabaki muuaji peke yangu kijiji kizima."

Simu ilikatika. Isabela alimrudishia mumewe simu.

"Nitakwenda," alisema mwishowe. "Bado naamini ni roho, Baba Joel. Sitamdanganya mtu kwamba si kitu. Naenda kwa ajili ya Joel na mdogo wake, na Mungu nitamjibu mwenyewe. Lakini kwa sharti."

"Sema lolote."

"Nikitoka, jina langu lisomwe kanisani kama la Yuster. Na ulisome wewe. Ulisoma la kwake, ulisome na langu."

Alfredi alimwangalia mkewe, midomo imeanza kuwa ya bluu, akasema upesi kabla hajajifikiria, "Nitasoma."

"Apa."

"Haki ya Mungu, nitasoma."

Kesho yake walikwenda. Madaktari walikubaliana, Isabela akatia saini, Alfredi naye akaongeza ya kwake chini. Jioni alimkuta mkewe kageukia ukutani, mashuka yameloa machozi.

"Umepona, mke wangu. Umepona."

"Niache nilie, Alfredi."

Alimwacha alie, akamshika mguu juu ya shuka mpaka akasinzia. Siku ile alimpenda kuliko siku aliyomwoa.

Wiki tatu baadaye Isabela aliweza kutembea mpaka kanisani. Alikuwa ameandika karatasi kwa mkono wake mwenyewe, mistari mitatu tu, akaikunja na kuitia kwenye mfuko wa shati la mumewe kabla hajavaa kanzu.

Kabla ya Misa, Padre Emmanuel, aliyekuja kutoka Masasi, alimvuta Alfredi pembeni.

"Barua yako ya maombi imepita, mwinjilisti. Ushemasi mwezi ujao. Hongera sana."

Mungu wangu, kwa nini leo? Alfredi alijiuliza.

Ulipofika wakati wa matangazo alisimama. Akasoma mazoezi ya kwaya. Akasoma ndoa. Akasoma chanjo ya watoto. Akatoa karatasi ya Isabela, akaikunjua. Mbele yake waliketi wazee wa kanisa, akina mama na vitenge vyao vya umoja, padre nyuma yake akimsikiliza. Isabela alikuwa benchi la tatu, mikono mapajani, anamngoja. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alimwamini.

"Na mwisho," Alfredi alisema, "mke wangu, Mama Joel, alikuwa mgonjwa. Mimba... mimba imeharibika. Tunaomba mumkumbuke katika sala."

"Pole, mama!" Kanisa zima liliguna kwa huruma. Mwanamke aliyekaa jirani na Isabela alimkumbatia.

Isabela alijitoa taratibu kwenye mikono ya jirani, akasimama.

"Baba mwinjilisti, soma kilichoandikwa."

"Mama Joel, kaa. Hujapata nguvu."

"Soma."

Alfredi alitazama karatasi. Akaikunja tena.

"Haikuharibika," Isabela alisema, amewageukia watu. "Niliitoa, hospitali. Daktari alisema nitakufa, nami niliogopa kufa. Niliyowafundisha ninyi yalinishinda. Yuster naye aliogopa, nami sikumuuliza anaogopa nini. Kama yeye ametengwa, na mimi nitengwe."

Alitoka nje polepole, anashikilia benchi moja baada ya jingine. Hakuna aliyemsaidia. Alfredi naye alibaki pale pale na karatasi yake.

Baada ya Misa padre alimwambia maneno machache tu. "Ulijua, ukadanganya madhabahuni. Ushemasi tuuweke kando kwanza." Alfredi aliitikia kwa kichwa, akakimbilia nyumbani.

Alikuta pikapu mlangoni. Mjomba Bonifasi, kaka wa mama yake Isabela, alikuwa amefika asubuhi hiyo kutoka Newala kumjulia hali mgonjwa, na sasa mabegi mawili yalikuwa yamepakiwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Sijaja kugombana, baba. Nachukua watu wangu tu."

Kwa mila ya kwao watoto ni wa upande wa mama, na mjomba akija kuchukua haombi ruhusa. Joel na mdogo wake walikuwa wameshapanda.

"Isabela, unaniacha kwa neno moja?"

"Nilikuomba neno hilo hilo moja."

"Nilitaka uishi! Mimi ndiye niliyekupigia magoti uishi!"

"Najua. Ulinitaka hai, lakini hukutaka kuonekana na mimi."

"Nilishikwa na woga."

"Hata mimi nilikuwa na woga nilipopanda kile kitanda cha hospitali. Nilipanda kwa sababu uliniapia."

Alipanda mbele, akafunga mlango mwenyewe. Alfredi aliifuata pikapu hatua chache, kisha akasimama katikati ya njia, watu wa kanisani wakimpita pembeni bila kumsalimia.

Alasiri alikaa kwenye ule mkeka, akaandika ujumbe, akafuta, akaandika tena:

"Mke wangu, rudi. Jumapili ijayo nitasimama mbele ya watu wote niseme kila kitu. Naapa."

Jibu lilikuja baada ya saa moja.

"Tumefika salama, watoto wanakula. Jumapili ijayo watu wote watakuwa wanajua tayari, nimeshasema mwenyewe, Alfredi. Hutasimama na mimi, utasimama nyuma yangu."