Funza Walioharibu Mchoro

Kila alasiri binti yangu akitoka shule, kazi yake ni kumwaga ndoo ya taka iliyo chini ya karo. Siku hiyo hakuimwaga. Nilipofunua kifuniko, uvundo ulinipiga usoni. Matumbo ya samaki yalikuwa yamegeuka uji wa kijivu, na ndani yake funza weupe, wanene, wanapandiana.

"Mama, usiwamwage! Nataka kuwaonyesha pamoja na mti wangu!"

Mwalimu wao wa sayansi alikuwa amewaambia wachore mti wa ukoo wa viumbe vidogo vya nyumbani, kuonyesha nani na nani wametokana na babu mmoja. Mchoro bora ungekwenda kwenye maonyesho ya shule zote. Wake ulikuwa tayari, umepakwa rangi. Kwenye tawi moja aliweka nyungunyungu, koa na funza. Tawi la pili nzi, nyuki na kipepeo.

"Kwa nini funza ukamweka na koa?" nikamuuliza.

"Wote hawana miguu."

Kaka yake akacheka. "Basi na nyoka ni shangazi yao!"

Binti akamfyonya. Akatia funza wachache kwenye chupa pamoja na kipande cha utumbo, akafunga mdomo wa chupa kwa kitambaa. Nilimwambia chupa hiyo ikikanyaga meza ya chakula, naitupa.

Siku zikapita. Funza wakajikunja wakawa maganda magumu ya kahawia. Kisha, siku moja kabla ya maonyesho, nikamkuta mlangoni asubuhi anaelekea chooni, chupa kaificha ndani ya sweta. Nikaichomoa; ndani ya chupa nzi walikuwa wakitambaa juu ya utumbo uliooza, mabawa bado yamejikunja.

"Unakwenda wapi nayo?"

"Inanuka, mama."

"Imenuka siku zote hizi. Leo ndiyo umepata pua?"

Machozi yakamtoka. "Funza ni mtoto wa nzi! Mwalimu akiiona hii, mti wangu hauendi."

Jamani, nilichefuka. Ndoo nilikuwa nimeisugua ikatakata, lakini mwanangu anayetaka kuficha alichokiona kwa macho yake, huyo nimsugue na nini? Nikamshika mkono, yeye na chupa yake, mpaka shuleni.

Mwalimu akaruka nyuma. "Toa uchafu huo mezani kwangu!" Lakini alipoelezwa, akainama akatazama. "Haya. Futa sifa ya kukosa miguu kwenye mti wako, utumie sifa nyingine. Funza anabaki na koa?"

Binti akafikiri. "Hapana. Anakwenda kwa nzi."

"Na nyuki?"

"Anabaki palepale na nzi. Ana mabawa, miguu sita, na mwili wa sehemu tatu."

"Umeona? Tawi linaloshikiliwa na sifa moja huanguka ukiigusa. Lenye sifa nyingi hubaki. Chora upya."

Akachora kwa penseli, haraka, bila rangi. Mwalimu akauchukua.

"Huu ndio utakaokwenda. Ule wa rangi ulipendeza, ila ungedanganya watu. Ukiona kitu kinachopinga mchoro wako, badili mchoro. Usikitupe chooni." Kisha akaziba pua. "Sasa nendeni bombani wote wawili mkanawe kwa sabuni. Nzi hao wametoka kwenye uozo, na wakiachiwa watatua kwenye sahani zenu."