Dawa Katika Bakuli la Watoto Wanne

Kila asubuhi Bibi 'Maphoka alipika motoho, uji mchachu wa mtama. Aliumimina katika bakuli moja kubwa. Wajukuu wake wanne wakalizunguka, kila mmoja na kijiko chake. Nyumbani kwake hakuna mtoto aliyekula peke yake.

Mdogo wao, Nthatisi, alikuwa na miaka sita. Alizaliwa na virusi vya UKIMWI, na mama yake alikwishafariki. Bibi aliijua siri hiyo. Majirani hawakuijua.

Ungemwona Nthatisi usingeamini. Alikuwa na mashavu makubwa hata watu wakasema yanafika zahanati kwanza, yeye anafuata.

Siku ya majibu ya damu, Bibi alijifunga blanketi lake zuri, akashuka mlima na Nthatisi hadi zahanati. Muuguzi Lineo aliwaingiza chumbani, akafunga mlango.

"Mwone mnene wangu," Bibi alisema. "Jana kawakimbiza mbuzi mpaka mbuzi wakaomba maji."

Lineo hakucheka. "Bibi, virusi vyake vimefika elfu arobaini na nane."

"Elfu ngapi?"

"Arobaini na nane. Katika damu isiyojaza hata kijiko cha chai."

Bibi aliitazama karatasi, akamtazama mtoto. "Umechanganya karatasi, mwanangu. Hiyo ni ya mtoto wa watu. Huyaoni mashavu?"

"Mashavu hayasemi yaliyomo kwenye damu. Virusi huongezeka mtoto akiwa bado anacheza. Ndiyo maana tunapima, hatungoji akonde. Namba hii ni wingi wa virusi, inatuambia kama dawa inafanya kazi. Na hii hapa ni CD4, askari wa mwili. Mwaka jana walikuwa mia nane na ishirini. Leo ni mia tatu na kumi."

Bibi alitafuta benchi kwa mkono, akakaa.

"Dawa anakunywa?" Lineo aliuliza.

"Kila siku. Naapa kwa kaburi la mume wangu."

"Unampaje?"

"Naiyeyusha kwenye uji."

"Uji wake?"

"Uji wao."

"Wao nani, bibi?"

"Wote wanne. Nikimpa peke yake, wenzake watauliza. Wakiuliza, kijiji kizima kitajua kabla sijaosha sufuria."

Lineo aliweka kalamu chini. "Basi Nthatisi anapata robo ya dawa. Kaka zake wakiwa na njaa, hata robo haipati."

Bibi alijiziba mdomo. Blanketi likamteleza begani.

"Kumbe ni mimi," alisema. "Ni mimi ninayemwua."

"Hukujua. Sasa unajua. Dawa pungufu ni hatari, kwa sababu virusi huizoea, mwisho haiviwezi tena. Na hao watatu niletee kesho niwaangalie. Dawa hii si yao."

Lineo alichukua kikombe kidogo, akamwonyesha. Vidonge vyote vya siku huwekwa katika maji safi kidogo. Vikiyeyuka, mtoto anakunywa yote papo hapo. Kisha kikombe kinasuuzwa kwa maji kidogo, na maji hayo anayanywa pia.

"Na wenzake wakiuliza?"

"Waambie muuguzi amempa dawa ya damu. Umewadanganya wapi?"

Kesho yake wale watatu walipimwa. Walikuwa wazima. Asubuhi iliyofuata Nthatisi alipewa kikombe chake, kelele zikaanza. Kila mmoja alitaka chake. Bibi akawapa vikombe vya maji matupu, wakanywa kwa heshima kama wazee mkutanoni.

Miezi mitatu ilipita. Kila siku Bibi alisimama hapo hapo mpaka kikombe kikauke. Damu ikapimwa tena. Siku ya majibu, Bibi alikataa kukaa.

"Niambie nikiwa nimesimama. Nikianguka, nianguke mara moja."

"Mashine haikuviona virusi," Lineo alisema. "Na askari wamefika mia nne na sitini. Wanapanda polepole, lakini wanapanda."

Bibi aliomba arudiwe. Akarudiwa mara tatu, akaangua kilio cha furaha.

Nthatisi alivuta sketi ya Lineo. "Hao wadudu wamekufa?"

"Hapana, mama. Wamelala. Ukiacha dawa hata kidogo, wanaamka."

Nthatisi alimgeukia bibi yake, kidole mdomoni.

"Bibi, usilie kwa sauti," alinong'ona. "Utawaamsha."