Karata za Opiyo

Punje moja ya kunde ilikuwa imesogea. Kombo, fundi cherehani wa Majengo, aliitazama pale mkekani akajiambia ni macho tu, maana mtu anayetunga uzi kutwa nzima ana haki ya kuyashuku macho yake.

Tangu mkewe Salme afariki, kilichomshikilia mjini kilikuwa mchezo wa karata, poka. Opiyo, mfanyakazi wa reli aliyepigana vita vya Wazungu kule Burma, ndiye aliyemfundisha: kila mtu karata mbili za siri, tatu hufunguliwa katikati, kisha dau; anayetaka kuendelea hulifuata, asiyetaka hutupa karata zake. Dau lao lilikuwa kunde.

"Hizo tatu zikifunguka na hazijakusaidia, tupa," Opiyo alizoea kumwambia. "Wewe unafuata tu kwa sababu hutaki mchezo uishe."

Na kweli hakutaka. Mwaka wa hamsini na sita reli ikamhamishia Opiyo Kisumu, na Kombo akaendelea kila alasiri kumgawia karata zake kifudifudi, kama wachezaji wa pale mtaani walivyozoea kumwekea nafasi mwenzao aliyesafiri. Lakini hao wengine hawakuwa na wazimu wa kusemeza mkeka. Siku hiyo, alipofungua tatu za katikati, upweke ulimzidi akauliza, "Unafuata?"

Kunde ikasogea tena. Chumba kikajaa harufu ya udi, na udi haukuwa umefukizwa mle tangu msiba.

"Nafuata," sauti ilisema taratibu. "Ila mimi sichezei kunde. Ukishinda, utamsikia mkeo. Ukishindwa, nachukua siku moja uliyoishi naye."

Mwingine angetimua mbio. Kombo alicheza, akashinda, na kutoka jikoni akamsikia Salme akikohoa kile kikohozi chake cha moshi, akalia kwa furaha. Hakushinda tena. Alifukuzia kila karata mbovu, na kila asubuhi akaamka na pengo katika kumbukumbu, leo siku ya harusi, kesho safari ya Mombasa, mpaka akamwendea jirani yake Bi Mumina, mpunga majini.

"Sura yake siikumbuki, dada," alinong'ona. "Nimebaki na jina tu."

Bi Mumina alikiweka chetezo kando. "Huyu ubani haumtoi. Umemwita kwa mchezo. Leo gawa, na zile tatu zikifunguliwa, tupa, hata ukiwa na karata za namna gani. Ukikataa kumfuata hata mara moja tu, ataondoka, wala hatarudi mpaka umwite mwenyewe."

"Nami nitabaki na nani?"

Bi Mumina akayazima makaa ya chetezo.

Alasiri Kombo aligawa. Alipata bibi wa kopa na bibi wa shupaza. Akafungua tatu za katikati: saba, nne, na bibi wa uru.

"Ukishinda, nakurudishia siku zako," sauti ilisema karibu na sikio lake. "Zote nilizochukua. Ukishindwa, nachukua jina lake tu."

Mabibi watatu, karata ambazo Opiyo mwenyewe angezifuata akiwa amefumba macho. Na udi ukazidi kunukia, na kule jikoni kikohozi kikaanza, kikatokea ukumbini, kikasimama nyuma ya pazia lililokuwa likijongea ndani na nje kwa pumzi ya mtu, na Kombo alitamani sana, jamani, alitamani kufuata.

"Natupa," akasema.

Harufu ikakatika. Pazia likatulia. Zile karata za Opiyo zikajipindua zenyewe mkekani: mbili ya pau na tisa ya uru. Hazikuwa kitu mbele ya mabibi watatu.

"Salme," Kombo alisema, apate kulishika jina.

Kesho yake alishona kanzu moja akaifumua mara mbili. Mbili ya pau. Tisa ya uru. Bi Mumina alipita dirishani, akamuuliza kama amelala salama, naye akasema alhamdulillahi. Alipokwisha kupita, Kombo alifunga mlango, akatandika mkeka, akagawa karata mbili huku na mbili kule, akafungua tatu za katikati. Zake hakuzitazama hata kidogo.

"Unafuata?" akauliza, na udi ukaanza kunukia.