Alama Iliyohama Lamadi

Apolonia alikuwa anarudi kutoka kisimani, ndoo kichwani, alipoliona gari jeupe limesimama milango wazi mbele ya ghala la pamba. Ghala hilo liko mbele kidogo ya Ngasamo ukitoka Lamadi kwenda Bariadi, na lilikuwa limefungwa misimu kadhaa, hakuna aliyekuwa na sababu ya kuegesha pale. Barazani alikaa mwanamume mgeni, miguu ameinyoosha, kichwa cha mwanamke kimelala mapajani mwake. Apolonia alimsalimu kwa Kisukuma, hakujibiwa. Alipomsalimu kwa Kiswahili, yule mtu aliinua macho akamwuliza kwa sauti ya chini kama hapa ndipo zahanati.

Apolonia alimtazama mwanamke. Akatua ndoo.

Inspekta Felisita wa ofisi ya upelelezi Bariadi alifika saa kumi jioni. Koplo Ndaki, aliyetangulia, alikuwa ameshamweka yule mwanamume nyuma ya gari la polisi na ameshafikia uamuzi wake. Marehemu anaitwa Jenifer, alisema, mume ni Josia, fundi wa pampu za umwagiliaji za sola, wametoka Morogoro na wana wiki moja tu Lamadi. Mume anadai mke aling'atwa na nyoka kwenye majaruba ya mpunga upande wa Nassa.

"Afande, nyoka amuume Nassa, halafu mtu ampitishe mkewe Lamadi yote, amlete porini kwenye ghala lenye kufuli?" Koplo alitikisa kichwa. "Huyu alitafuta mahali pa mkewe kufia."

Felisita alipiga magoti. Kwenye kifundo cha mguu wa kulia kulikuwa na matundu mawili madogo, na mguu umevimba hadi gotini. Juu ya goti walikuwa wamefunga kanga, na fundo lake lilikuwa la haraka haraka. Alisimama, akaenda kukaa karibu na Josia.

Josia alieleza bila kulia, kama mtu anayesoma maandishi ya mwingine. Mke ndiye aliyeshika simu. Aliandika kwamba anatafuta dawa ya sumu ya nyoka Lamadi, na ramani ikamletea Zahanati ya Wilhelmina, iko wazi, dawa ipo, mamia ya watu wameisifu. Akabonyeza apelekwe. Wao wakafuata. Simu iliposema wamefika, hapakuwa na kitu ila ghala na mbigili.

"Lamadi hukuuliza mtu?"

"Simu ilikuwa inaongea, afande. Mtu ukiwa na anayekuelekeza, utamwuliza nani?" "Nilipiga namba iliyokuwa pale. Msichana akapokea, akasema tutaona jengo la bluu mkabala na stendi. Nikamwambia hapa hakuna stendi, kuna ghala la pamba. Akampa simu mwanamume. Yule akaniuliza tumeshapita Ngasamo, nikasema ndiyo. Akasema endelea mbele, barabara hiyohiyo. Nikarudi garini, na Jenifer alikuwa hawezi tena kufungua macho. Nilimshusha nimpulizie pumzi."

Felisita alifungua ramani kwenye simu yake mwenyewe. Ilikuwa kweli. Jina ni la Zahanati ya Wilhelmina, Lamadi, lakini alama nyekundu imesimama juu ya ghala lililokuwa mbele yao. Namba ya simu ni ileile aliyoipiga Josia. Alihifadhi picha ya ukurasa ule. Ilimfaa, maana asubuhi yake alipoufungua tena, namba ilikuwa imefutwa. Mtu mzima, mwenye akili timamu, alikuwa amekaa mahali anafuta ushahidi.

Daktari wa serikali alithibitisha kwamba ni sumu ya swila, na kwamba sindano ikipatikana mapema mtu hupona. Josia akaachiwa. Siku iliyofuata majibu ya kampuni ya simu yalirudi, na Koplo Ndaki aliingia nayo ofisini akiwa amechangamka. Laini ile ilikuwa imesajiliwa kwa alama za vidole za mwenye zahanati mwenyewe, Wilhelmina.

Zahanati ya Wilhelmina iko Lamadi pale pale, nyumba chache kutoka barabara kuu. Josia na mkewe walikuwa wamepita karibu na geti lake. Felisita aliupima umbali huo kwa macho, akaona afadhali asingeupima.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimu mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mwanangu. Kaa. Namalizia mtoto huyu."

Wilhelmina alikuwa muuguzi mstaafu, mwembamba, na alimchoma mtoto sindano huku akimsimulia habari za ndama. Ndani ya jokofu, Felisita aliziona chupa za dawa ya sumu ya nyoka, zimepangwa. Mwanawe Dastan alikuwapo pia, amekuja kutoka Bariadi kumfariji mama. Naye alikuwa mtu wa tiba, amefungua kliniki yake mjini mwaka uliopita. Alimpa Felisita kiti na soda, akasema msiba ule umewaumiza wote.

Mama alipoulizwa kuhusu laini, alisema haijui. Yeye ana simu ya vitufe na namba moja tangu zamani. "Vidole nimeweka vingi. Vya bima, vya leseni, vya mfumo huu na mfumo ule. Vijana wanakuambia weka hapa, mayu, unaweka."

"Na habari ya watu kupotea, umewahi kuisikia?"

Aliwahi. Mvua zilipoisha, watu wa mbali walianza kumpigia, wale waliokuwa na namba yake ya zamani, wakilalamika kwamba wamefika na hawaioni zahanati. Wa kwanza alikuwa kwenye mashine ya kusaga Mkula. Baadaye mwingine alikuwa Ngasamo, kwenye mnada. Alidhani wamelewa. Kisha hata hao wakakoma, na wageni wakapungua, wakabaki watu wa hapa wanaokuja kwa miguu.

Dastan aliingilia kwa upole. Kama inspekta anataka ukweli, alisema, amtafute Constantine, kijana mwenye duka la vifaa vya kuandikia karibu na stendi ya Lamadi. Ndiye aliyeijenga tovuti ya mama na kuiweka zahanati kwenye ramani. Walimwondoa kazini kwa udokozi, akaondoka na kinyongo na nywila zote.

Constantine hakukana kinyongo. Alikuwa anatoa nakala za vyeti, na hakuacha kutoa nakala. "Sikuiba hata peni. Dastan alimwambia mama yake nimeiba, akaamini, kwa sababu ni mwanawe. Kesho yake nikatolewa kwenye umiliki wa ukurasa wa zahanati kwenye ramani. Angalia."

Akamwonyesha ujumbe uliotumwa kwenye barua pepe yake, ukimjulisha kwamba hana tena ruhusa ya kusimamia ukurasa ule. Ulikuwa umetumwa miezi kadhaa kabla ya mtu wa kwanza kupotelea Mkula.

Felisita akavuta stuli. Alitaka aelezwe kama mtu asiyejua, kwa sababu hakujua: alama ya ramani ina thamani gani hata mtu aihangaikie?

Constantine alieleza vizuri. Tovuti peke yake, alisema, ni kama duka zuri lisilo na njia. Mtandao wa kutafutia haujui kama wewe ni wa kweli. Unakwenda kuulizia habari zako: kwenye ramani, kwenye orodha za biashara za mtandaoni, kwenye maoni ya watu. Ukikuta kila mahali jina ni hilo, mahali ni hapo, namba ni ileile, unakuamini na kukupandisha juu. Ukikuta huku umeandikwa Lamadi na kule umeandikwa Ngasamo, unakuona mwongo na kukushusha. Tovuti ya mama ilikuwa ya kwanza. Hakuna aliyebadilisha neno hata moja ndani yake, na sasa haionekani. Ramani na orodha zilikuwa zinaisaliti kwa nje.

"Na mtu atapata nini kwa kuihamisha?"

"Zile sifa. Miaka yote ya watu kumsifu mama, huwezi kuzinunua wala kuziandika upya. Lakini ukiuchukua ukurasa wenyewe, ukausogeza hadi kwako, unahama nazo. Ukihamisha alama kwa mara moja toka Lamadi hadi mbali, mtambo unashtuka, unataka uthibitisho. Ukisogeza kidogo kidogo, pengine usishtuke. Jina ungelibadilisha mwisho."

Kichwani mwake Felisita alikuwa barabarani. Mashine ya Mkula. Mnada wa Ngasamo. Ghala la pamba mbele ya Ngasamo. Alama haikuwa imepotea. Ilikuwa safarini, nayo ilikuwa inaelekea Bariadi.

Alimpa Constantine namba iliyofutwa, akamwomba aitafute mtandaoni. Kijana aliacha nakala zake safari hii. Kwenye ramani haikuwapo tena. Lakini zile orodha ndogo za biashara hunakili kila kitu na hazimsikilizi mtu upesi, hata awe mwenye namba. Ikaonekana katika moja, kisha nyingine, kisha nyingine. Katika baadhi ilikuwa ya Zahanati ya Wilhelmina. Katika nyingine, iliandikwa chini ya Kliniki ya Tumaini Jipya, Bariadi, mkabala na stendi. Picha ilionyesha jengo la bluu.

"Nani mwenye Tumaini Jipya?" Felisita aliuliza, ingawa alishajua.

"Dastan," alisema Constantine.

Kabla ya kumgusa Dastan alikwenda Bariadi kuzungumza na Nancy, msichana wa mapokezi wa Tumaini Jipya. Ukumbini viti vilikuwa vipya, vingine bado vina nailoni, na havikuwa na mtu. Nancy alikana kwa muda mfupi tu. Alikuwa hajalala vizuri tangu siku ile. Alisema simu ya Josia ilipita mikononi mwake, akampa bosi, na bosi alipomaliza kuongea alimwambia aizime laini na asiizungumzie.

Felisita alichagua kumalizia Lamadi, mbele ya mama. Koplo alimshauri wamkamate kimya kimya Bariadi. Yeye akasema laini ina vidole vya mama, na mama ana haki ya kujua vilitumikaje. Wilhelmina aliwaomba wagonjwa wasubiri, akafunga mlango wa chumba cha sindano. Dastan alikaa kwenye kitanda cha wagonjwa, amevaa shati la kazi jeupe.

Felisita aliweka jambo moja baada ya jingine, bila kupandisha sauti. Constantine kusingiziwa ili atolewe kwenye ukurasa. Kidole cha mama kuwekwa kwenye laini aliyoambiwa ni mfumo wa bima. Alama kusogezwa Mkula, Ngasamo, ghalani. Namba moja kusambazwa kwenye orodha za biashara ili tovuti ya Tumaini Jipya ipande huku ya mama ikizama. Maneno ya Nancy.

Dastan alisikiliza hadi mwisho. Alipoongea, alimwambia mama yake.

"Nilikuomba uje Bariadi, ukakataa. Nikakuomba jina, ukasema jina halirithiwi, linafanyiwa kazi. Nina mashine ambazo wewe hujawahi kuziona. Watu wanapita mlangoni kwangu wanauliza njia ya kuja kwako." Akashusha pumzi. "Sikumdhuru mtu. Nani wa Lamadi anahitaji ramani kukufikia wewe?"

"Wa Lamadi hakuna," alisema Felisita. "Ramani ni ya mgeni. Uliowapoteza ni wageni peke yao."

"Alama ingefika Bariadi wiki ile ile. Ilikuwa bahati mbaya."

"Alama, labda. Lakini ulipokea simu. Ulijua wako wapi kuliko wao wenyewe walivyojua. Ulijua Lamadi ni karibu kuliko Bariadi. Ungesema geuza gari."

Dastan alitazama sakafu. Alisema kama angewaambia warudi, wangeuliza kwa nini ramani iliwaleta pale, na wangekuja kumsimulia mama. Alidhani watawahi. Alidhani mke yule amekunywa maji, amefungwa mguu, atafika.

Wilhelmina alimsogelea mwanawe, karibu kama mtu anayetaka kumpima homa.

"Dastan. Wangefika kwako, dawa ulikuwa nayo?"

Nje mtoto alilia, akanyamazishwa.

"Nakuuliza wewe. Sindano ya nyoka, ulikuwa nayo?"

"Hapana, mama."

"Ulimwita aje kufanya nini?"

Koplo Ndaki alimshika Dastan mkono, naye akasimama bila kushurutishwa. Walipofika mlangoni aligeuka, lakini mama yake alikuwa ameshawapa mgongo, ananawa mikono, na alinawa kwa muda mrefu.

Josia alimsafirisha mkewe Morogoro. Kabla ya kuondoka alipita kuaga, akamwuliza Felisita mtu yule atashtakiwa kwa nini. Felisita alimwambia ukweli: kwa kuingilia taarifa za kompyuta na usajili wa laini, ushahidi upo. Kwa kifo, mawakili watabishana, maana aliyeua ni nyoka. Josia aliitikia kwa kichwa, akaingia garini.

Constantine alirudishiwa kazi na kuombwa radhi, akairudisha alama Lamadi. Alisema orodha zile nyingine zitachukua muda mrefu kujisahihisha. Kwa wakati ule, mtu akiandika kwamba anatafuta dawa ya sumu ya nyoka, ya kwanza kutokea ilikuwa bado ni Tumaini Jipya, jengo la bluu, milango imefungwa na polisi. Ya mama ilikuwa chini kabisa, baada ya maduka ya dawa za mifugo.

Wilhelmina alikuja mwenyewe kituoni kuandika maelezo. Hakuna aliyemwita. Felisita alimkumbusha kwa heshima kwamba mzazi anaweza kutafakari kwanza kabla ya kutoa ushahidi juu ya mwanawe.

"Nimetafakari," alisema. "Andika."

Aliongea bila kusita, tangu siku ya kidole hadi siku ya chumba cha sindano. Felisita aliandika, kisha akamsomea. Alipofika mahali palipoandikwa "mwanangu Dastan", mama aliinua mkono.

"Hapo futa 'mwanangu'. Mahakamani atakuwapo mume wa yule binti. Asije akasikia kwamba nina mtoto na yeye hana mke."

Felisita akalikata neno lile kwa mstari mmoja. Wilhelmina akaweka kidole kwenye wino, na kabla ya kukibandika alikitazama kwa muda, kama kitu cha mtu mwingine.