Vichupa Viwili Vyenye Jina Moja

Zdravka alikuwa jikoni akimenya pilipili za kuchoma, mara akasikia nyayo zake mwenyewe zikipanda ngazi.

Kisu kikamponyoka. Nyayo zilikuwa nyepesi, za haraka, kama zake kabla goti halijaharibika. Mlango ukafunguka. Akaingia mtu mwenye uso wake.

"Mbona umekauka? Ni mimi," alisema Ognyana, pacha wake. Hakuwa na mkongojo tena.

Wiki tatu nyuma, mapacha hao walikwenda kwenye kliniki ya binafsi mjini. Wote wawili magoti yalikuwa yamesagika. Chumba kilikuwa kimya. Mtungi wa chuma ulipofunguliwa, moshi mweupe wa baridi ulitambaa sakafuni hadi miguuni mwao. Daktari akatoa vichupa viwili.

"Seli shina," alisema. "Seli changa za kukarabati goti. Dawa ni ile ile kwa wote wawili." Akamdunga kila mmoja gotini.

Sasa Ognyana alipanda ngazi mbio. Goti la Zdravka lilikuwa limevimba, la moto. Akilibonyeza, kitu kiliteleza ndani.

"Kuna kitu hai humu," alinong'ona.

"Wacha hizo!" Ognyana alicheka, ila kicheko hakikufika mbali. "Jumatatu tunachomwa sindano ya pili. Labda yako imechelewa tu."

Jirani yao Nevena aliingia kuchukua pilipili zake. Alikuwa amefanya kazi maabara ya hospitali miaka thelathini. Aliligusa goti, akakunja uso.

"Seli zako zilitoka kwa nani?"

"Kwa nani? Kwani zina mwenyewe?"

"Zinaye, dada. Hutolewa kwenye uboho wa mtu, au mafuta yake, au kitovu cha mtoto mchanga. Za kijana si sawa na za mzee. Kisha hukuzwa maabara. Zikikuzwa mno, huchoka. Zikigandishwa na kuyeyushwa vibaya, nyingi hufa. Jina ni moja, lakini ndani hazifanani."

Zdravka akaondoa mkono gotini. Mtu asiyemjua alikuwa ndani ya mguu wake.

"Mbona mimi nimepona?" aliuliza Ognyana.

"Huenda ni seli. Huenda ni yale mazoezi ya goti unayofanya kila siku. Hakuna anayejua, na hilo ndilo linalonitisha. Zdravka, vaa viatu. Hilo goti lina vijidudu."

Hospitalini walitoa usaha, wakampa dawa. Daktari wa hapo akawaambia, "Tiba hii bado inachunguzwa. Mkiitaka, ingieni kwenye utafiti uliosajiliwa. Kule kila fungu la seli hupimwa kwanza, nanyi mnaelezwa hatari zake."

Ognyana akapiga simu kliniki. "Seli zetu zilitoka kwa nani? Zilikuzwa mara ngapi? Zilipimwa vipi?"

Sauti laini ikasema, "Seli ni seli, mama." Simu ikakatwa.

Jumatatu hawakwenda. Zdravka alianza mazoezi ya goti hospitalini. Majira ya kuchipua yalipofika, alikuwa akienda sokoni bila kushikwa mkono.

Siku moja, uani, mzee Radoy wa ghorofa ya pili alimsimamisha. Naye goti lilimsumbua, na alikuwa na miadi kwenye kliniki ile ile. Zdravka akamwandikia yale maswali matatu ya Ognyana kwenye karatasi.

Kesho yake Radoy alirudi kutoka kliniki, bado akichechemea.

"Walijibu?"

"Hata moja. Walinitazama tu, wote kwa pamoja, wakitabasamu."

"Ukafanyaje?"

"Nikavaa koti langu, nikatoka."